Waya Nne na Betri za Kibirizi

Agosti 2024, juma la kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, baraza ya kibanda changu hapa Mwanga, mjini Kigoma, ilijaa betri. Nyingine zilikuwa na vipini vya kamba ya katani, nyingine zimeandikwa majina ya mitumbwi kwa rangi ya mafuta. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na kwa miezi hiyo mitatu taa za dagaa, zile za betri zinazovuta samaki usiku, zilikaa stoo. Zuio lilipoisha, watu walizipangusa vumbi, wakarudisha betri kwenye chaji, wakajaribu taa pale pale nyumbani, zikawaka vizuri. Wakaingia ziwani na matumaini yao. Saa sita usiku, katikati ya maji, taa zikaanza kufifia moja baada ya nyingine.

Betri ya maji haipendi kukaa. Hata isipofungwa kitu chochote hujimaliza yenyewe polepole, na kadiri inavyokaa na chaji ndogo ndivyo fuwele za salfeti ya risasi zinavyoganda kwenye bamba zake. Ukija kuichaji, volti zinapanda upesi, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Betri iliyoganda hivyo inaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imetulia, sawa kabisa na betri nzima. Ibebeshe mzigo uone inavyoporomoka.

Mzee mmoja wa Kibirizi mwenye mitumbwi miwili aliniletea betri tano. Nilizipima zote kwa mita yangu, nikamwambia ziko sawa. Alirudi baada ya siku mbili na betri zile zile. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda, akasema taratibu: "Fundi, mita yako inasema zote tano nzima. Ziwa linasema mbili zimekufa. Mkweli nani?"

"Ziwa, mzee wangu," nilimjibu. Sikuwa na jibu lingine.

Usiku ule nilikaa na kifaa kimoja nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya kujifunzia tu. Ni Cardputer ya M5Stack, kompyuta ndogo ya mkononi ambayo urefu na upana wake haupiti kadi ya benki, ingawa ni nene. Ina kibodi ya vitufe 56, skrini ya nukta 240 kwa 135, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, betri yake ndani, na moyo wake ni chipu ya ESP32-S3. Watu wengi huinunua kwa ajili ya kuandika programu ndogondogo. Mimi kilichonivutia ni tundu moja ubavuni, lenye waya nne: nyeusi ya hasi, nyekundu ya volti 5, na mbili za kuzungumzia. Kupitia tundu lile unaweza kukipa kifaa kiungo kipya ambacho waliokitengeneza hawakukiwaza. Kiungo kama hicho mimi nakiita kiongezo, na tangu usiku ule hadi leo ndicho kinachonilaza kwa kuchelewa.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisinunue tu mashine ya kupimia betri kama za gereji. Zipo, na ni nzuri kwa kazi yake. Lakini mashine ile hujibu swali la gari: betri hii itapiga stata? Taa ya dagaa inauliza jambo jingine: betri hii itafika alfajiri? Hayo ni maswali mawili, na mvuvi wa Kigoma amekuwa akijibiwa lile ambalo hakuuliza.

Waya nne, basi. Mbili za umeme tumezitaja. Zile mbili nyingine hutumia lugha iitwayo I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili chipu ndani ya redio na televisheni ziweze kuongea kwa nyaya chache. Waya mmoja hubeba data, wa pili hupiga mapigo ya saa. Kila chipu ina namba yake ya anwani, na inanyamaza mpaka iitwe. Ndiyo maana tundu moja linaweza kubeba chipu nyingi bila kugombana. Kwa mtu aliyezoea saketi za redio, ambako kila kazi ina waya wake, jambo hili linafurahisha sana. Unaongeza chipu bila kuongeza hata waya mmoja.

Ubao wangu wa kwanza wa saketi haukuwa ubao. Ulikuwa moduli iliyotengenezwa tayari yenye chipu ya INA219, ambayo hupima volti hadi 26 na mkondo kwa kusoma anguko dogo la volti kwenye rezista ya kupimia. Rezista iliyokuja nayo ilikuwa ya ohm 0.1, na kwa rezista hiyo mwisho wake ni ampea 3.2. Mzigo niliotaka kuutumia ni balbu ya taa kubwa ya gari, volti 12, wati 55, kwa sababu inapatikana duka lolote la spea na kila fundi anaijua. Balbu hiyo hula ampea 4.6 hivi. Nikaing'oa rezista, nikalehemu ya ohm 0.01. Kwa ampea 4.6 sasa inapoteza volti 0.046 tu na joto lake halifiki hata robo ya wati.

Kazi yenyewe ni hesabu ya darasani. Soma volti betri ikiwa imetulia. Washa balbu, subiri sekunde kumi, soma tena volti na mkondo. Gawa volti zilizoanguka kwa mkondo uliopita. Jibu ni ukinzani wa ndani wa betri, yaani ule ubishi wake unapoiomba umeme. Kusubiri kuna sababu: uzi wa balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mara nyingi kuliko ukiwa umeshapata moto, kwa hiyo ukisoma papo hapo unaionea betri. Betri ya kwanza ya yule mzee ilikuwa na volti 12.66 ikiwa imetulia na 12.50 chini ya mzigo wa ampea 4.6, ukinzani kama ohm 0.035. Ya nne ilianza na 12.58, tofauti ambayo hakuna mtu angeijali, kisha ikaanguka hadi 11.12 kwa ampea 4.4. Ohm 0.33. Karibu mara kumi! Nilizipanga betri tano barazani, mbili nikazisogeza pembeni, mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Ndizo zile zile alizotajiwa na ziwa.

Kama simulizi ingeishia hapo ningeandika aya tatu na kwenda kulala. Lakini kuna mama mmoja wa Katonga, ananunua dagaa na ana taa anazowakodisha wavuvi. Betri yake moja ilinipa ohm 0.09. Si mbaya kama ya mzee, lakini si ya kutegemea. Nikamwambia, mama, hii imechoka, usiipeleke ziwani. Akaniamini. Akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Baada ya wiki moja nilikuwa nikisafisha vibanio vyangu kwa msasa, maana vilikuwa na ukungu wa kijani. Nikapima betri ambayo nilikuwa nimeipima asubuhi. Asubuhi ilikuwa 0.08. Sasa 0.06. Betri ile ile. Nikakaza kibanio zaidi, 0.05. Nikabadilisha waya kwa mnene zaidi, 0.04. Mwili ulinisisimka. Kumbe sehemu kubwa ya kile nilichokiita ubovu wa betri ilikuwa waya zangu na vibanio vyangu mwenyewe. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa kama ohm 0.012 kwa mita moja. Mita moja ya kwenda na moja ya kurudi tayari ni 0.024, na hujahesabu kutu. Betri nzima ya yule mzee, pamoja na waya hizo, ilisoma 0.035. Nilikuwa nikipima mfuko pamoja na unga, tena mfuko unaweza kuwa mzito kuliko unga.

Nilimfuata mama Katonga, nikamweleza kosa langu, nikampa betri yangu niliyokuwa naitumia kibandani. Alisema, "Mwanangu, mimi nilidhani mashine haikosei." Maneno yale nayakumbuka kila nikichora waya. Anayekuja kwako na betri yake hana njia ya kukuhakiki. Amekukabidhi usiku wake mzima wa kazi.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: tenganisha waya zinazobeba mkondo na waya zinazopima volti. Waya mbili nene zinakwenda kwenye balbu. Waya mbili nyembamba zinagusa nguzo za betri zenyewe na hazibebi mzigo, kwa hiyo hata zikiwa na ukinzani, hakuna volti inayopotea ya kuonekana. Tatizo ni kwamba INA219 husoma volti kwenye pini ile ile inayopimia mkondo. Haina mlango wa pembeni. Ndugu yake INA226 anao. Ana pini ya pekee kwa ajili ya volti, anasoma kwa hatua za milivolti 1.25, na kwa rezista ile ile ya ohm 0.01 hufika ampea 8 na kidogo. Inatosha balbu yangu na nafasi inabaki. Anwani zake ni zile zile, kuanzia 0x40, ingawa rejista zake, yaani visanduku vyake vya ndani vya namba, zinataka programu iandikwe upya. Niliiandika kwa siku mbili.

Ubao wa pili ulikuwa bado mchoro tu wakati jambo jingine lilipotokea, na hili ndilo lililobadilisha kabisa namna ninavyofikiri kuhusu viongezo.

Tulikuwa mwaloni Kibirizi na kijana ninayemfundisha kazi, bado tukitumia moduli ya zamani. Chaji ya kifaa ilikuwa inaisha. Tulikuwa na chaja ya gari ya USB, nikaifunga kwenye betri ile ile tuliyokuwa tunaipima, nikachomeka waya kwenye kifaa. Niliona ni akili tu: betri ipo, tuitumie. Balbu ikiwa inawaka, kibanio cha hasi cha moduli kikateleza. Balbu haikuzima. Ilipaswa kuzima! Nikabaki kuitazama sekunde mbili tatu nisielewe, kisha nikasikia harufu ya plastiki na kijana akakitupa kifaa mchangani huku akipuliza vidole.

Mkondo haukati tamaa. Ukifungiwa mlango mmoja unatafuta mwingine. Njia yake ya kurudi kwenye betri ilipokatika pale kwenye kibanio, ampea zaidi ya nne zilipita kwenye waya mweusi mwembamba wa kiongezo, zikaingia ndani ya kifaa, zikatokea kwenye waya wa USB, zikapita kwenye chaja na kurudi nyumbani. Waya ule umekusudiwa sehemu ndogo sana ya mzigo huo. Tundu la ubavuni liliyeyuka upande mmoja. Vidole vya kijana vilipona kwa siku chache, na namshukuru Mungu kwamba ilikuwa hivyo tu.

Mpaka siku ile nilidhani kubuni kiongezo ni kuongeza uwezo. Unauliza kifaa hiki hakiwezi nini, unatafuta chipu inayoweza, unaiunganisha. Sasa naamini kazi kubwa iko kwenye mpaka. Upande mmoja una chipu inayoendeshwa na volti 3.3, ambayo pini zake hazitakiwi hata kuguswa na volti 5. Upande wa pili una betri ambayo ukigusanisha nguzo zake kwa spana inaweza kutoa mamia ya ampea. Kiongezo kinakaa katikati, kama mlinzi wa mpaka. Chipu ya kupimia ni sehemu rahisi. Mpaka ndio ubunifu.

Kwa hiyo ubao wa pili una mstari mweupe uliochorwa katikati yake, na hakuna shaba inayouvuka. Kinachovuka ni maneno tu. Chipu iitwayo ISO1541 ya Texas Instruments husimama juu ya mstari ule na kupitisha I2C kutoka upande mmoja hadi mwingine bila waya kugusana: data huenda na kurudi, mapigo ya saa huenda upande mmoja, na kwa INA226 hiyo inatosha. Hasi ya kifaa na hasi ya betri hazijuani tena. Ukifunga chaja ya USB kwenye betri unayoipima, ukang'oa kibanio chochote upendacho, mkondo hauna njia ya kuingia kwenye kifaa. Nimelijaribu hilo kwa makusudi mara nyingi, mimi mwenyewe nikiwa nimekishika, kabla sijampa mtu mwingine.

Kinachogharimu katika ubunifu wa namna hii huwa ni umeme wa upande wa pili, maana nao unahitaji chanzo chake ambacho hakiguswi na cha kwanza. Hapa nilibahatika. Upande wa pili una betri! Kile kile kinachopimwa ndicho kinachoilisha chipu ya kukipima, kupitia kipunguza volti kidogo kilichofungwa kwenye zile waya nyembamba. Chipu inakula kidogo mno kiasi kwamba kipimo hakiharibiki. Kama betri haijafungwa, upande ule umelala, na kifaa kikiita anwani 0x40 bila kujibiwa kinaandika FUNGA BETRI. Ukosefu wa jibu nao nimeufanya kuwa ujumbe.

Kwa anayegeuza vibanio, nyekundu kwenye hasi, niliweka fyuzi kwenye kila waya wa chanya, mnene na mwembamba, na nyuma ya kila fyuzi dayodi imara, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, iliyolazwa kinyume. Ukigeuza, dayodi inafunguka, fyuzi inakatika, chipu inasalimika. Fyuzi ya waya mnene ni ya gari, ya ampea 10, ile ya kuchomeka. Ningeweza kuweka saketi ya kisasa inayojirudisha yenyewe. Lakini fyuzi ya gari inapatikana hata Ujiji, na iliyoungua unaiona kwa macho.

Swichi ya balbu nayo ni ya kidole, wala siyo ya programu. Kijana wangu alitaka tuiwashe kwa kibodi, na angeweza kuiandika programu hiyo vizuri kuniliko. Nilikataa. Programu ikikwama balbu ikiwa inawaka, betri ya mtu inamalizwa. Kidole kikiachia, swichi inazima.

Jambo jingine nililichukua kwa wakubwa. Bodi za Raspberry Pi, kompyuta ndogo za bodi moja, zilipowekewa utaratibu wa viongezo mwaka 2014, kila kiongezo rasmi kilitakiwa kubeba chipu ndogo ya kumbukumbu inayokitambulisha kwa bodi. Nilipolisoma hilo nikaona ndilo ninalolihitaji. Rezista zangu za kupimia hazilingani, iliyoandikwa 0.01 inaweza kuwa zaidi au pungufu kwa asilimia moja. Kama marekebisho yanakaa ndani ya kifaa, siku kifaa kikifa marekebisho yanakufa nayo. Kwa hiyo kila ubao una kumbukumbu ya 24C02, baiti 256, kwenye anwani 0x50, upande wa kifaa ili isomeke hata kabla betri haijafungwa. Humo nimeandika jina la kiongezo, toleo lake na thamani halisi ya rezista yake. Chomeka kwenye kifaa chochote chenye programu yetu, kinajua kimeshika nini.

Na wakubwa hao hao wametuachia onyo. Bodi za Arduino, nazo za kujifunzia kuunda vifaa, zilizoanzia Ivrea huko Italia mwaka 2005, zina safu mbili za soketi upande mmoja, na nafasi kati ya pini ya 7 na ya 8 haifuati mpangilio wa milimita 2.54 kama pini nyingine. Ni kama milimita 4. Lilikuwa kosa la uchoraji. Lakini viongezo vilishaanza kutengenezwa kwa kipimo hicho, na kurekebisha kungevifanya vyote visiingie, kwa hiyo kosa limebaki hadi leo na kila anayechora kiongezo cha Arduino hulinakili kwa uangalifu. Nikilifikiria hilo naiheshimu sana soketi. Chipu unaweza kuibadilisha toleo lijalo. Soketi ukishaitoa nje watu wakaishika, umeshatoa ahadi. Ndiyo maana sikuchora mlango wangu mwenyewe. Nilibaki na zile waya nne, zenye kiunganishi ambacho hakiingii kinyume.

Nilibaki pia na kebo ya sentimita 20 badala ya kukipachika kiongezo moja kwa moja ubavuni. Wengi hupenda viongezo vinavyobana kabisa kwenye kifaa, na kwa macho vinapendeza. Lakini mzigo unaoning'inia kwenye tundu dogo ni kama mtu aliyekaa mwisho wa tawi. Kikianguka mara moja, tundu linang'oka pamoja na shaba yake. Kebo inasamehe.

Mchoro niliufanya kwenye KiCad, programu ya bure, kwenye laptopu ambayo nayo ni mzee. Hapa nusura niharibu kila kitu. KiCad inaweza kujaza shaba ya hasi kwenye nafasi zote tupu za ubao, na ni desturi nzuri. Nilibonyeza, ikajaza, ikapita moja kwa moja chini ya ISO1541 na kuunganisha pande mbili nilizohangaika kuzitenganisha. Kwenye skrini sikuliona. Nililiona nilipochapisha mchoro kwenye karatasi na kuuinua dirishani kwenye mwanga. Tangu hapo kila ubao naupitisha dirishani kwanza.

Bao za saketi zenyewe zinatengenezwa China, tano kwa oda moja, zinafika Dar es Salaam, kisha basi. Hapa kwetu ndiyo mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, na kila kosa la mchoro linamaanisha safari nyingine kama hiyo. Sishangai kwamba nimekuwa mtu wa kukagua mara tatu.

Muda mrefu zaidi, amini usiamini, uliishia kwenye maneno ya skrini. Programu ya kwanza ilionyesha namba nne za desimali na mstari wa grafu. Niliona fahari. Mvuvi wa kwanza aliitazama kwa adabu, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa niende nayo au nisiende?" Nikafuta grafu. Sasa kuna neno moja kubwa linalojaza nusu ya skrini: NZIMA, au IMECHOKA, au IMEKUFA, kwa sababu hayo ndiyo maneno wanayoyatumia wao wenyewe kuhusu betri. Chini yake, kwa herufi ndogo, namba tatu: volti za kutulia, volti za mzigo, ohm. Kijana alipendekeza tuziondoe namba kabisa. Nilizibakisha kwa ajili ya mama Katonga. Mtu akiambiwa betri yake imekufa awe na kitu cha kushika mkononi, aweze kubisha, apeleke kwa fundi mwingine akapime tena.

Kuna ambalo kipimo hiki hakiliwezi, na nalisema kila mara kabla ya kupokea betri. Ukinzani unakuambia betri inabishana kiasi gani. Haukuambii imebakiwa na umeme kiasi gani, kama maji kwenye mtungi. Kwa betri za lithiamu za chuma na fosfati, ambazo sasa zimeanza kuingia mwaloni, hali ni ngumu zaidi: volti zake hukaa palepale karibu 13 kwa sehemu kubwa ya safari, halafu kilinzi chake cha ndani hukata ghafla. Ukinzani wake ni mdogo hata ikiwa imezeeka. Kwa hizo hakuna njia ya mkato. Unaijaza, unaifunga taa yenyewe, unahesabu ampea kila sekunde hadi ikate, unajumlisha. Taa inayokula ampea 3 kwa saa nane inahitaji ampea-saa 24. Kama betri ilitoa 15, umepata jibu la swali la alfajiri. Kiongezo kinafanya hivyo na kuandika kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini kipimo hicho kinakula usiku mzima, na kinafanyika nchi kavu. Sijakifungia kiongezo boksi la kuhimili maji ya ziwa, na sitampa mtu akiingize kwenye mtumbwi mpaka nifanye hivyo.

Kwa hiyo kalenda yangu ya kazi sasa inafuata mwezi. Siku za giza, wavuvi wako ziwani na barazani kuna ukimya. Mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na betri zinaanza kupanda kilima kuja Mwanga juu ya baiskeli na bodaboda. Usiku, kibanda kikiwa kimefungwa, taa mbili tatu zinawaka ndani kwa ajili ya kuhesabu ampea, na jirani zangu wameshazoea.

Mama Katonga alikuja mwezi uliopita na betri nne. Nilikuwa nimeinama nikilehemu, akasema nisisimame. Alibana mwenyewe: nene nyekundu, nene nyeusi, kisha zile nyembamba mbili. Akabonyeza swichi, akaishikilia huku akihesabu kwa midomo hadi kumi. Skrini ikaandika NZIMA. Hakuridhika na neno. Aliinama, akasoma herufi ndogo chini, 0.04, akaniomba rangi ya mafuta na brashi. Akaiandika namba ile ubavuni mwa betri, na tarehe, chini ya jina la taa. "Mwezi ujao nitaipima tena," akasema, akaifungua, akavuta betri ya pili.